Kabla ya Kuwasha Gari

Mzee Wepukhulu hakuwahi kuwasha gari bila kulizunguka kwanza. Alianza na gurudumu la mbele upande wa dereva, akalipiga teke dogo, akainama kutafuta msumari au mpasuko. Kisha akaenda nyuma kutazama taa, akapita upande wa pili, akarudi mbele na kufungua boneti. Oili, maji ya rejeta, oili ya breki, mikanda, betri. Alipomaliza ndipo aliketi penye usukani, akakanyaga breki kabla ya kuwasha chochote, akasikiliza jinsi mguu unavyorudi. Mkewe Nangila alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao watu walingoja kanisani huku bwana harusi akiwa uvunguni mwa gari la kuazima, na suti yake, akitafuta mahali panapovuja.

Alikuwa ameendesha malori ya miwa, kisha mabasi ya masafa marefu, na akastaafu bila kumwangusha abiria hata mmoja. Sasa walikaa Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu, katika nyumba yao wenyewe nyuma ya barabara kuu ya Nairobi. Gari lao lilikuwa Probox nyeupe, kuukuu lakini safi kama sahani. Siku za shule Mzee alilipeleka Migosi kumchukua mjukuu wake Sylvia, na Jumamosi lilibeba marobota ya nguo hadi Kibuye, ambako Nangila aliuza mitumba.

Jumamosi hizo hizo asubuhi, majirani wenye magari walikuwa wakimletea ayatazame. Alikataa kabisa kuitwa fundi.

“Fundi anatengeneza kitu kimeharibika,” alikuwa akisema. “Mimi sitaki kiharibike.”

Jirani mmoja, Obiero, aliyesambaza mikate kwa gari dogo la mizigo, alifika mara ya kwanza na tairi vipara. Mzee alizipapasa na kusonya. “Hii si tairi, Bwana Obiero. Hii ni puto. Mvua ikinyesha utaenda kuuza mikate ndani ya mtaro.” Obiero alinung'unika juma zima, lakini akabadilisha tairi, na tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja, mkate wa moto mkononi.

Aliyegundua kwamba mambo hayako sawa, au aliyethubutu kulisema, alikuwa Awuor, mke wa mwana wao Waswa. Awuor alikuwa mshonaji, na kibanda chake kilikuwa pale pale Migosi walipopanga nyumba. Waswa alifanya kazi Eldoret na kurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo ya nyumba na ya wazazi mara nyingi yalimwangukia yeye. Na haikuwa rahisi. Kwa Wabukusu, watu wa kabila la Mzee, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono wala hawakai kiti kimoja. Awuor, Mluo mzaliwa wa Dunga, hakuona ajabu, maana hata kwa Waluo wapo wakwe wa kuheshimiwa kwa mbali. Kila asubuhi alimsalimu Mzee akiwa upande wa pili wa gari, naye Mzee akaitikia akitazama paa.

Asubuhi moja ya mvua za Aprili, Mzee alisimama langoni pao akazima gari na kufungua boneti. “Injini inaimba vibaya,” alisema. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiinua kwenye mwanga. Alikitazama kwa muda mrefu.

“Oili iko sawa,” akasema.

Awuor alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti, ameshika mkoba wa Sylvia. Kijiti kilikuwa kikavu. Kilimeta kama sindano mpya ya cherehani.

“Iko sawa kabisa, Baba?”

“Kabisa. Kwani siku hizi unashona na injini?” Mzee alicheka, akanyoosha mkono kutundika kitambaa kwenye ndoano ndani ya boneti. Akaikosa ndoano. Akapapasa, akaikosa tena, mwisho akakitia kitambaa mfukoni kama kwamba ndiyo nia yake tangu mwanzo.

Awuor alitaka kusema neno. Lakini Sylvia alikuwa ameshaketi na kufunga mkanda, na Mzee ameshaingia. Gari lilipoondoka ndipo alipoona ubavu wake wa kushoto: mikwaruzo mirefu toka mlango hadi mlango, mingine ya zamani, mingine mipya. Siku ile alishona mkono wa kulia wa blauzi mahali pa mkono wa kushoto, akafumua, akashona tena vile vile.

Jioni Sylvia alirudi salama, mashavu yamejaa peremende.

“Nani amekupa?”

“Kuka.” Hivyo ndivyo alivyomwita babu yake, kwa Kibukusu. “Nimeshinda tena.”

“Umeshinda nini?”

“Mchezo wetu. Tukiwa njiani, nikiona bodaboda kabla yake, napiga kelele. Nikiona mtu anataka kuvuka, napiga kelele. Nikiona matuta pia. Anayeona kwanza ndiye anapewa peremende.”

“Na Kuka hushinda mara ngapi?”

Sylvia alifikiri. “Kuka hajawahi kushinda. Macho yake ni ya mzee.”

Awuor aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika. Alitoka nje, akasimama karibu na kamba za nguo. Mtoto wa darasa la pili, miguu haifiki hata sakafu ya gari, ndiye aliyekuwa akilipitisha gari lile katika barabara ya Kondele kila asubuhi.

Alimpigia mumewe. Waswa alisikiliza, kisha akacheka kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kuogopa.

“Baba yangu? Awuor, huyo mtu alipitisha basi milimani Timboroa kwenye ukungu kabla hata mimi sijazaliwa.”

“Sasa ukungu umemwingia kwa macho, Baba Sylvia. Hakuona kijiti kimekauka. Mtoto wetu ndiye anamwambia barabara iko wapi.”

“Siwezi kumwambia hivyo,” Waswa akasema kwa sauti ya chini. “Wewe hujui. Nikimwambia hivyo nimemzika. Ongea na Mama. Mama amwambie.”

Kesho yake Awuor alimwarifu Mzee kwamba mtoto ana mafua na atabaki nyumbani, kisha akampeleka mwenyewe kwa miguu, na kutoka hapo akaenda Kibuye. Alimkuta Nangila akikunja sweta na kuzipanga kwa rangi. Nangila alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye sokoni alijulikana kwa sauti. Awuor alipoeleza habari ya kijiti cha oili, mama yule hakushangaa. Aliendelea kukunja.

“Obiero alienda mazishi Siaya,” alisema. “Ndiyo maana oili ilikauka.”

“Sielewi, Mama.”

“Kila Jumamosi mzee akimaliza kutazama gari ya Obiero, mimi namwita ndani anywe chai. Obiero anabaki nje, anatazama yetu. Anaongeza oili, maji, anajaza tairi upepo. Juma lililopita hakuwepo.” Alipangusa jasho shingoni. “Unafikiri kwa nini mimi huongea sana ndani ya gari? Watu wanasema mama huyu ana mdomo. ‘Baba Waswa, ona huyo wa tuktuk anavyoingia! Baba Waswa, hiyo ng'ombe ni ya nani inavuka?’ Namsomea barabara kama vile wanasoma tangazo kanisani. Na yeye anajibu, ‘Nimeiona, mama, kwani mimi ni kipofu?’ Tumeishi hivyo tangu mwaka jana. Hatujawahi kulitaja.”

“Na asubuhi, akimpeleka Sylvia? Wewe huwa hauko.”

Mikono ya Nangila ikasimama. “Hiyo njia ni fupi. Nilijiambia ameizoea.”

Ndipo Awuor akamweleza habari ya mchezo wa peremende. Nangila alimsikiliza hadi mwisho, akarudi nyuma polepole na kukaa juu ya robota, sweta nyekundu bado mikononi. Mteja alikuja kuuliza bei ya koti, akaondoka bila kujibiwa.

“Hilo sikulijua,” Nangila alisema. “Mungu wangu. Hilo sikulijua.” Kisha akasema: “Njoo Jumamosi. Umwache mtoto kwa jirani.”

Jumamosi mvua ilikuwa imeosha mji usiku kucha na ua wa Nyamasaria ulinuka udongo. Awuor alikuta Obiero ameshafika na gari lake la mikate, Mzee ameinama ndani ya boneti yake akimkaripia kuhusu betri yenye ukungu mweupe. Marobota ya Nangila yalikuwa bado barazani. Probox ilielekeza pua yake kwenye nyumba, kwa hiyo ili itoke ilibidi irudi nyuma, kupita kamba za nguo, hadi langoni.

Awuor alingoja Mzee amalize, kisha akasogea hadi upande wa pili wa Probox.

“Baba, naomba unifundishe kutazama oili.”

Uso wa Mzee ulichangamka. Hakuna mtoto wake yeyote aliyewahi kumwomba hivyo. Alifungua boneti, akamweleza taratibu: gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imepoa, upanguse kijiti kwanza maana kilichotoka mara ya kwanza hakisemi ukweli, kisha utie, utoe, utazame kati ya alama mbili. Alikitoa. “Unaona? Iko katikati.”

Obiero alikuwa bado hajapata nafasi ya kuongeza. Awuor alikitazama kijiti, akamtazama Nangila barazani, na hakuna aliyemsaidia.

“Baba, nisamehe. Hakuna kitu hapo. Na juzi kule Migosi kilikuwa hivyo hivyo.”

Mzee aliushusha mkono wake. Obiero alianza kufuta kioo cha gari lake ambacho kilikuwa tayari kimefutwa.

“Nani amekutuma?” Mzee aliuliza.

“Hakuna, Baba.”

“Ni Waswa? Anataka gari? Aje aseme mwenyewe, asitume mke!” Alifunga boneti kwa kishindo. “Mimi sijagonga hata kuku. Mniulize mimi habari ya gari? Mimi?” Na kama mtu anayetaka kuwaonyesha wote waliokuwepo, alianza kulizunguka gari upya, taratibu, gurudumu kwa gurudumu, akilipiga kila moja teke. Aliinama, akainuka. Alipita nyuma, akagusa taa ya kulia, akagusa ya kushoto.

Wakati akiwa ameinamia gurudumu la nyuma, Nangila alikuwa ameshuka barazani bila kusema neno. Alipita karibu na kamba za nguo, akasimama nyuma ya gari, hatua chache tu, amevaa gauni lake la njano la kanisani. Alikunja mikono kifuani. Awuor alidhani anataka kuzungumza na mumewe. Lakini Nangila alinyamaza. Mzee aliinuka, akageuka, akamtazama mkewe uso kwa uso. Kisha akaendelea na safari yake kuelekea mlango wa dereva.

“Mama Waswa!” akaita kuelekea nyumba. “Kama huji, nitatoa gari nipakie marobota peke yangu!”

Alikaa. Alikanyaga breki, akasikiliza. Akatazama kioo cha juu, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, kama alivyofanya maisha yake yote. Akawasha. Taa nyeupe za nyuma zikawaka.

Hakuna aliyeamini mpaka gari lilipoanza kusogea. Nangila hakuondoka. Alisimama pale pale, kidevu juu, akimtazama kupitia kioo.

“Baba!” Awuor alipiga kelele na kukimbia, akagonga paa la gari kwa viganja vyote viwili. “Baba, simama! Simama!” Obiero naye alikuwa akipiga mayowe. Breki zilishika mara moja, maana breki zilikuwa nzima. Kati ya gari na gauni la njano palibaki nafasi ya kupitisha mkono tu.

Mzee alitoka. “Kuna nini? Nini?”

“Ni mimi,” Nangila alisema.

Aligeuka kufuata sauti. “Umetoka wapi?”

“Sijatoka mahali. Nilikuwa hapa ukizunguka. Umepita karibu na mimi, Baba Waswa. Umenitazama.”

Mzee alisogea hadi akawa karibu kabisa naye, akanyoosha mkono, akashika mkono wa gauni lake. Alilipapasa lile gauni kama alivyokuwa akipapasa tairi za watu.

“Nilidhani ni nguo kwenye kamba,” alisema.

Awuor alizunguka gari mbio kwenda nyuma. “Mama, ungekufa! Kwa nini umefanya hivyo?”

“Ningeruka,” alijibu Nangila. “Mimi nilijua anakuja. Je, yule asiyejua? Yule anavuka pale Kondele na kitabu kwa mkono, ataruka?” Kisha akamgeukia mumewe. “Na mchezo wenu wa peremende, tumeambiwa.”

Hapo ndipo mabega ya Mzee yaliposhuka. Alirudi kwenye gari, akalizima, akachomoa ufunguo. Alisimama nao mkononi, kama mtu aliyeshika kitu cha moto na haoni pa kukiweka. Mwisho aliuweka juu ya boneti, akaenda barazani na kukaa juu ya robota mojawapo. Awuor alibaki mbali, kwa heshima, machozi yakimtiririka. Obiero alitaka kuondoka kimyakimya, Nangila akamzuia kwa ishara.

“Nilidhani ni kioo,” Mzee alianza kusema, bila kuulizwa. “Mwaka jana, wakati wa mvua. Niliona kama kioo cha mbele kina mafuta. Nikaosha kwa sabuni. Nikabadilisha waipa. Bado. Nikasema ni taa zimezeeka, nikanunua balbu mpya, nikasugua vioo vya taa kwa dawa ya meno mpaka vikang'aa. Bado. Gari nililitengeneza lote. Hakuna kitu sikubadilisha. Lilikuwa zima tangu mwanzo.”

“Ungeniambia,” Nangila alisema, akikaa robota la pili.

“Ningekuambia nini? Kwamba dereva ameisha?” Alifunika uso. “Sylvia alikuwa anafurahi. Siku ya kwanza aliona mwenye baiskeli kabla yangu, akapiga kelele, nikakanyaga breki. Nikampa peremende kwa kumshukuru. Kesho yake akauliza, ‘Kuka, tunacheza tena?’ Nikasema ndiyo. Nilimfanya mtoto kuwa kioo changu cha pembeni.” Alimwita Awuor bila kumtazama, kama desturi ilivyotaka. “Mama Sylvia. Mtoto ni wako. Una haki ya kunikasirikia.”

Awuor alipangusa uso kwa leso. Alikuwa amekasirika, ni kweli. Tangu jioni ile ya peremende alikuwa na hasira kama kaa la moto. Lakini alipomwona pale, mtu mrefu aliyejikunja juu ya robota la mitumba, hakuipata tena.

“Nilikasirika, Baba,” alisema. “Lakini tunakuhitaji. Twende tukaonyeshe hayo macho kwa daktari.”

Siku hiyo Obiero ndiye aliyepeleka marobota Kibuye, katikati ya makreti ya mikate.

Jumatatu walienda kliniki ya macho mjini kwa tuktuk, Nangila akiketi katikati ili wakwe wasigusane. Daktari, mwanamke kijana mwenye upole, alimwangaza Mzee taa machoni kwa muda mrefu. Alieleza kwamba jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na hilo lingetolewa kwa upasuaji mdogo. La kushoto lilikuwa na shida nyingine, presha ya macho, na ilikuwa imeshaula mshipa wa jicho taratibu, bila maumivu. Kilichopotea huko hakirudi. Kungekuwa na dawa ya kutia kila siku kulinda kilichobaki.

“Na kuendesha?” Mzee aliuliza.

Daktari aliweka taa mezani. “Mzee, sitakudanganya. Utamwona mjukuu wako vizuri. Lakini upande wako wa kushoto watu watakuwa wanatokea ghafla. Usiendeshe tena.”

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Bandeji ilipotolewa baada ya upasuaji, mtu wa kwanza ambaye Mzee alimwona alikuwa Nangila. Alimtazama kwa makini hadi mama yule akaona haya.

“Umeota mvi,” alisema. “Lini?”

“Wakati ulikuwa unasugua taa za gari na dawa ya meno,” akajibu Nangila, na wote wawili wakacheka hadi muuguzi akaja kuwaonya kuhusu jicho.

Lakini miezi iliyofuata haikuwa ya kicheko. Probox ilifunikwa turubai. Jumamosi majirani walipobisha, Nangila aliwaambia Mzee amelala, nao wakaacha kuja. Waswa alirudi kutoka Eldoret, akakaa na baba yake siku nzima wakizungumza habari za mahindi, akaondoka bila kuweza kulitaja gari. Mzee alikuwa akikaa barazani akisikiliza magari ya barabara kuu, na mara nyingine akisema peke yake, “Huyo mikanda imelegea,” au, “Huyo anaharibu klachi.”

Awuor alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Alisimama kando ya turubai.

“Baba, gari likikaa bila kuwashwa si linaharibika?”

“Betri inakufa,” Mzee alijibu toka barazani. “Tairi zinakuwa bapa. Oili inalala chini. Mliuze tu.”

“Sitaki tuliuze. Nimejiandikisha shule ya udereva. Wananifundisha kuzungusha usukani na kupita mtihani. Hawanifundishi gari.”

Nangila, aliyekuwa akichambua sukuma wiki, alijifanya hasikii. Mzee aliinuka, akashuka ngazi, akalivuta turubai kwa nguvu hadi likaanguka lote.

“Anza na gurudumu la mbele,” alisema.

Ndivyo walivyoanza. Alimfundisha kupapasa tairi kwa kiganja, mbele na nyuma, maana jicho hupitwa na uvimbe lakini kiganja hakipitwi. Alimfundisha kutofungua rejeta injini ikiwa na joto, kutazama ardhi mahali gari lilipolala kama pana doa, kuonja kwa pua tofauti ya petroli na mkanda unaoungua. Mahali jicho lake lisipofika, alimwuliza Awuor anaona nini, na akaamini jibu. Hilo la kuamini lilimchukua muda. Mwanzoni aliuliza kila kitu mara mbili.

Uwanja wa kanisa la Nyamasaria ndio uliokuwa barabara yao ya kwanza. Kwa kuwa baba mkwe hawezi kukaa ubavuni mwa mke wa mwanawe, Nangila alikaa mbele, na Mzee nyuma, akitoa amri kupitia kwa mkewe.

“Mwambie asikanyage klachi kama anaua mende.”

“Anasema usiue mende.”

“Nimesikia, Mama!”

“Mwambie breki ni ya kuomba, si ya kushtua.”

Watu wa kwaya walitoka kuwatazama, na gari likazimika mbele yao tena na tena. Awuor alilia siku ya kwanza, akatukana kwa Dholuo siku ya pili, na kabla ya mvua za vuli alikuwa na leseni.

Obiero alipoona turubai limeondoka, alikuja na mkate. Baada yake wakaja wengine. Mzee aliwapokea akiwa ameketi kwenye kiti, sikio limeelekea injini, na Awuor au Nangila wakimsomea alichotaka kusomewa. Aliwakaripia kama zamani. Wengine walisema ukali ulikuwa umeongezeka.

Desemba walisafiri kwenda Bungoma, kwa dada yake Mzee aliyekuwa akiozesha binti. Awuor alilizunguka gari alfajiri, Sylvia akimfuata nyuma na kupiga kila gurudumu teke. Walipita Mamboleo, na kabla ya kuanza kupanda mlima wa Kiboswa, Awuor aliwasha indiketa na kuegesha kando.

“Kuna nini?” Nangila aliuliza.

“Sijui. Gurudumu la nyuma linaongea.”

Mzee aliinamisha kichwa. “Mimi sijasikia kitu.”

Awuor alishuka, naye Mzee akashuka upande wake. Walikutana nyuma ya gari, wote wawili wakainama juu ya gurudumu lile lile, mabega yao karibu kugusana, kisha wote wawili wakaruka nyuma kwa aibu. Mzee alisogea pembeni, akamwachia. Awuor alipapasa, akapata kokoto kubwa imenasa katikati ya meno ya tairi, akaichomoa kwa bisibisi. Alikagua nati, akazijaribu moja moja kwa spana.

“Ilikuwa jiwe tu,” alisema, amefedheheka kidogo kwa kusimamisha safari.

“Leo ilikuwa jiwe,” Mzee alijibu. “Ukisikia tena, simama tena.”

Waliendelea kupanda. Nyuma yao ziwa lilikuwa limelala bapa chini ya jua la asubuhi, Kisumu yote ukingoni mwake. Awuor alishusha gia kabla ya kona, akaliacha lori la mchanga lipite, akapanda taratibu. Alingoja amri kutoka nyuma. Haikuja. Alipotazama kioo cha juu alimwona Mzee ameegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, Sylvia amemlalia mapajani.

“Mama, Baba anaumwa?”

Nangila aligeuka kutazama. Alikaa amegeuka hivyo kwa muda.

“Amelala,” alinong'ona. “Tangu nimjue, huyu mtu hajawahi kulala ndani ya gari akiendeshwa na mtu mwingine. Endesha pole pole, mwanangu.”

Awuor akaendesha pole pole.